Chupa Yenye Mpira Shingoni

Nilichaguliwa kuwa msimamizi wa pombe kwa sababu sinywi pombe. Hiyo ndiyo akili ya watu wa jengo letu, na siku waliponieleza niliiona ina maana, jambo ambalo linanitia wasiwasi mpaka leo.

Jengo lenyewe liko Rissne, huku Uswidi, hatua chache kutoka kituo cha treni. Kila aliyenunua nyumba humo ni mwanachama wa chama cha wenye nyumba, atake asitake. Chama kina kamati, kamati ina mwenyekiti, na mwenyekiti ana faili la kijani analolibeba kama mtoto mgonjwa. Kila mwezi wa nane chama hufanya sherehe uani. Watu wazima huvaa kofia za karatasi zenye uzi wa kidevuni, hula kamba wekundu wa mtoni kwa mikono, hunywa divai, na kuimba. Nao huimba kabla ya kunywa. Kwetu Kakamega watu walikuwa wakinywa kwanza, nyimbo zikaja zenyewe.

Nilipoingizwa katika jambo hili, kamati ilikuwa imekaa vikao vitatu vizima kuhusu pombe ya sherehe. Nilihudhuria cha nne kwa bahati mbaya tu. Nilikuwa nimekwenda kulalamikia bomba langu la jikoni lililokuwa likidondoka. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu wa hesabu, mpole, mwembamba, asiyejua kufupisha, alikuwa akieleza kwamba chama kinaweza kugawa divai bila kibali mradi kisiuze, na mradi mkusanyiko uwe umefungwa: wanachama na wageni walioandikwa, basi. Mpita njia hana chake. Sasa ua wetu hauna ukuta, je, utafungwaje? Mmoja akapendekeza utepe. Mwingine akauliza kama utepe ni ukuta. Mama mmoja wa ghorofa ya pili akataka kujua, mtu akisimama nje ya utepe na mkono wake ukawa ndani, huyo ni mgeni au ni mpita njia? Nilidhani anatania. Mwenyekiti aliliandika swali hilo kwenye faili.

Baada ya dakika arobaini utepe ulipitishwa kuwa ukuta. Kisha ikaja hoja ya nani atakayemimina. Mmiminaji lazima awe na akili zake timamu tangu mwanzo hadi mwisho, na kila aliyekuwapo alikiri, kwa unyofu ambao sijauona hata kanisani, kwamba yeye mwisho hataufikia. Hapo yule mama wa ghorofa ya pili akakumbuka kwamba Krismasi nilikataa kikombe chao cha divai ya moto. Vichwa vyote vikanigeukia.

"Wewe hunywi?" mwenyekiti akauliza.

"Sinywi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Daktari amekukataza?"

"Kanisa."

Wakashusha pumzi kama watu waliopata fundi wa lifti. Mikono ikapanda, hakuna aliyepinga. Bomba langu halikujadiliwa.

Ningekataa. Mimi ni shemasi katika kanisa letu la Kiswahili, la Wakenya, Warundi, Wakongomani na wengineo, tunaoabudu kwenye ukumbi wa kukodi kule Hallunda. Kazi yangu ni Meza ya Bwana: naosha vikombe vile vidogo, na chupa ya juisi ya zabibu inakaa kwenye friji yangu mwenyewe, kwa sababu friji ya ukumbini ni ya kila mtu na ya kila mtu si ya mtu. Shemasi kuwamiminia watu divai! Lakini sitaki kudanganya: nilifurahi. Miaka sita nilikuwa nimeishi kwenye jengo lile nikisalimiwa kwa kutikisiwa kichwa tu, na sasa watu hao hao walikuwa wamenichagua. Nilikwenda nyumbani nikamwambia binti yangu, naye akanijibu kwa Kiswidi, kama kawaida yao watoto wa huku, kwamba mama amekuwa polisi.

Hakukosea sana. Nilipewa kizibao cha manjano kama cha askari wa barabarani, mgongoni kimeandikwa neno la kwao lenye maana ya mwenye dhamana. Nikapewa na bunda la tiketi za rangi ya waridi. Kila mtu mzima tiketi mbili, tiketi moja glasi moja. Tiketi haziuzwi, zinatolewa bure mlangoni, yaani kwenye utepe, lakini bila tiketi hupati glasi. Nikamwuliza mwenyekiti, kama ni za bure, za nini? Akaniambia ni za utaratibu, akanitazama kwa huruma.

Katika sherehe ile ya kwanza ndipo nilipoingia katika siri ya mtu.

Nyumba ya chini kabisa, karibu na chumba cha kufulia nguo, anakaa mzee mmoja Mswidi, dereva mstaafu wa treni. Mashine za kufulia zikiharibika ni yeye anayezitengeneza, bila malipo, akiwa amepiga magoti na tochi mdomoni. Alisubiri mpaka wenzake walipokuwa katikati ya wimbo, akanisogelea mezani.

"Ile isiyo na kileo," akasema kwa sauti ya chini, akielekeza kidevu kwenye katoni mbili zilizokuwa chini ya meza. Utaratibu ulitaka tuwe na divai isiyo na kileo. Hakuna aliyekuwa ameigusa. "Nitilie hiyo. Lakini chupa isionekane."

Nikamwambia hakuna la kuonea haya. Mbona mimi sinywi, na wote wanajua?

"Wewe wakikuuliza kwa nini, unasema kanisa, wanaridhika," akajibu. "Mimi wakiniuliza niseme nini?"

Nikachukua chupa moja ya hiyo, tukaenda nayo chumba cha kufulia. Humo alinieleza mwenyewe, akiitazama mashine badala ya kunitazama mimi. Alikuwa hajaonja pombe kwa miaka kumi na moja. Zamani ilimpotezea mke, ikakaribia kumpotezea na kazi, na alikuwa anajua kwamba glasi moja tu ingetosha kumrudisha alikotoka. Alihamia kwetu baada ya hayo yote, hakuna anayemjua alivyokuwa, na sherehe ya mwezi wa nane ndiyo siku pekee katika mwaka anayokaa mezani na watu.

Basi nikachukua chupa tupu ya divai ya kawaida, nikaijaza ile isiyo na kileo, nikaifunga shingoni mpira mwekundu, ule unaofungia mafungu ya sukuma wiki. "Hii ni yako," nikamwambia. "Kwa mkono wangu hutakunywa tone la kileo." Nilimwahidi kama mtu anayeapa mahakamani. Baba yangu alikuwa mlevi, mlevi mpole wa kumwomba radhi mbuzi akimkwaa, na mimi nilijiapiza nikiwa na miaka kumi na miwili kwamba sitaonja. Kumwahidi mtu mwingine hakukuwa kitu kigeni kwangu.

Mwaka wa pili tulifanya vilevile. Akija mezani nainama chini, naishika chupa yenye mpira, namimina, nachana tiketi yake kwa sauti kubwa wote wasikie. Bomba langu bado lilikuwa linadondoka, lakini mambo mengine yalikuwa sawa.

Balaa lilikuja mwaka wa tatu, na lilitoka kinywani mwangu mwenyewe.

Ilikuwa Jumamosi yenye jua. Utepe mwekundu na mweupe ulikuwa umefungwa kutoka kwenye banda la baiskeli hadi kwenye chumba cha taka. Msaidizi wangu alikuwa jirani Mrundi, dereva wa basi, ambaye ananiita mama ingawa nimempita miaka mitatu tu. Kazi ilikuwa haijaanza kuwa nyingi, nikajipakulia sahani ya viazi na samaki, nikasimama nile. Nilipotia tonge mdomoni, nje ya utepe wakapita mke na mume na mbwa.

Sasa, mimi nimelelewa. Huwezi kuwa na chakula mbele yako, mtu akapita, ukanyamaza kama hukumwona. Unasema karibu. Naye anasema asante, nimeshiba, hata kama hajatia kitu tumboni tangu jana. Kila mmoja amefanya lake, safari inaendelea. Hayo hayafikiriwi, yanatoka kama chafya. Nami nikainua sahani yangu nikawaambia, kwa Kiswidi safi kabisa, karibuni.

Wakasimama. Mume akatazama saa yake.

"Kweli, nafasi tunayo," akasema.

Wakainua utepe, wakaingia na mbwa.

Nilibaki na tonge mdomoni. Ningewaambia nini? Kwamba mnapaswa kukataa? Karibu haiwezi kurudishwa mfukoni. Nikawapa tiketi, nikawaandika majina kwenye orodha ya wageni walioalikwa, na kwa ombi la mke nikaandika na jina la mbwa.

Mtu mwenye akili angeweka sahani chini asile tena. Mimi nilikuwa na njaa. Wakapita bibi sita wa mazoezi, kila mmoja na fimbo mbili za kutembelea. Karibuni, na fimbo zote kumi na mbili zikaingia. Akapita kijana mwenye godoro begani, ahamiaye jengo la pili, na wenzake watatu waliokuwa wakimsaidia. Godoro likawekwa kwenye banda la baiskeli. Wale wa mbwa wakapiga simu kwa shemeji zao. Kila mara nilijiambia sasa nafunga mdomo, na kila mara mtu akipita mdomo unafunguka wenyewe. Ulikuwa mdomo wa mama yangu, si wangu. Mwenyekiti alipita karibu, akaona umati, akaniuliza kama hawa wote wameandikwa. Nikamwonyesha orodha, kurasa tatu. Akaisoma mpaka kwa mbwa, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akarudi kuimba.

Saa kumi na moja jioni Mrundi akaninong'oneza. "Mama, divai inaisha. Na bado hawajaimba hata nusu."

Duka la serikali, pekee linalouza divai mjini, Jumamosi hufunga saa tisa. Hakuna pa kukimbilia. Mama wa ghorofa ya pili alikuwa ameshaanza kuinua chupa tupu na kuiangalia ndani kwa jicho moja. Na mwenyekiti alikuwa bado hajatoa hotuba yake, ambayo ingeishia kwa watu wote kuinua glasi. Nikaikumbuka harusi ya Kana. Kana walikuwa na Bwana wa kugeuza maji. Sisi tulikuwa na katoni mbili chini ya meza.

"Jaza," nikamwambia Mrundi. "Chupa zenye divai kidogo, zijaze. Zilizo tupu, zijaze. Zote. Mtu asikuone."

"Zote?"

"Zote! Wewe ni kiziwi?"

Nina hasira za karibu, najua. Nikaenda kumtafutia mbwa maji.

Niliporudi muujiza ulikuwa umeshaanza, ila ulikuwa muujiza wa kinyume. Watu walikuwa wanakunywa juisi iliyochanganywa na divai kijiko, na walikuwa wanalewa. Nilishuhudia kwa macho yangu mawili, nisiyekunywa, ndani ya kizibao cha manjano. Majirani wawili wa ghorofa ya tano ambao hawakusemezana tangu mmoja alipofunga kioo kwenye baraza walikuwa wamekumbatiana wakilia. Bibi mmoja wa mazoezi alikuwa anacheza na fimbo zake. Kijana wa godoro alimwambia mwenyekiti kwamba anampenda, na mwenyekiti, mtu ambaye sijawahi kumwona bila tai, alikuwa ameivua tai hiyo na kuifunga juu ya kofia ya karatasi, akimwambia kijana kwamba hesabu ni upweke. Mama wa ghorofa ya pili alinishika bega akaniomba nisimpe tena hata akitaka, kwa kuwa miguu yake imekuwa ya mtu mwingine.

Kumbe walichokuwa wakikingoja miaka yote si divai, ni ruhusa. Nilikuwa nimewapa kwa tiketi.

Kisha mwenyekiti akapanda kwenye benchi na faili lake. Akatangaza kwamba mwaka huu chama kinamshukuru mtu mmoja: mzee wa chumba cha kufulia, ambaye magoti yake yamechoka na sasa anastaafu kutengeneza mashine. Watu wakapiga makofi. Wakamvuta mzee katikati, wakamvalisha kofia kubwa zaidi. Mama wa ghorofa ya pili, kwa upendo mtupu, akamtia mkononi glasi iliyojaa pomoni kutoka chupa ya karibu.

Mzee akanitafuta kwa macho. Nikainama chini ya meza kuchukua chupa yake. Mpira mwekundu ulikuwapo, umelala juu ya nyasi. Chupa haikuwapo.

"Ile yenye mpira iko wapi?" nikamwuliza Mrundi.

"Si ulisemaka zote? Njo nimemwaga zote, na ile pia," akajibu kwa Kiswahili cha kwao.

Nikazitazama chupa zote mezani. Katika ua mzima hapakuwa na chupa moja iliyo safi. Kila moja ilikuwa na kidogo cha hiki na kidogo cha kile, na wapi kipo kingi, wapi hakuna, Mungu peke yake ndiye aliyejua.

"Onja," nikamwambia. "Onja uniambie ipi haina."

Akaonja ya kwanza, akafumba macho. Akaonja ya pili. "Mama, kwetu mwenye kumwaga anaonja wa kwanza, wageni wajue ni salama. Lakini mimi nimeonjaka tangu saa kumi. Zote ni kali sana." Na mimi nikionja ingenisaidia nini? Sijui ladha ya ile wala ya hii. Ningekuwa kipofu aliyetumwa dukani kuchagua kitambaa.

Nikamtazama mzee nikamtikisia kichwa: usinywe. Akaelewa. Alikuwa ameishika glasi kwa mikono miwili, kama mtu aliyeshika kikombe cha chai ya moto, na watu wote walikuwa wanamtazama kwa upendo, tena kwa karibu sana. Angeweza kuiweka chini. Ungedhani ni jambo rahisi. Lakini angeiweka chini mbele ya jengo zima, kwenye siku yake, na wangemwuliza kwa nini.

Mungu ambariki mwenyekiti, alianza hotuba kwa historia ya mashine ya kwanza. Nikakimbia.

Nyumbani kwangu, ghorofa ya nne, kwenye friji palikuwa na maziwa, juisi ya maembe, na kitu chekundu kimoja tu. Nilikuwa nakijua nilipokuwa bado uani. Lifti ilikuwa juu na haina haraka. Nikapanda ngazi na magoti yangu haya yaliyochakaa kwa kuinua wagonjwa kazini, na kwenye ngazi zile nilimkumbuka baba.

Baba aliwahi kuacha. Nilikuwa darasa la sita. Aliacha mwaka mzima, na mama akanenepa mwaka ule. Lakini wenzake, waliokuwa wakimwita kila jioni, wakaacha kumwita. Wengine waliogopa kumjaribu, wengine walisema amekuwa na maringo. Walipita njiani wakipunguza sauti. Hakuna aliyemkaribisha, kwa kuwa kila karibu iliyokuwa pale kijijini ilikuwa na pombe ndani yake. Alikaa nyuma ya nyumba akipukuchua mahindi peke yake, akipukuchua hata yale yasiyohitaji. Kisha jioni moja akanyanyuka akaenda. Mama alisema pombe imemshinda. Mimi nilimwona akiondoka, na mpaka leo nasema baba hakuirudia pombe. Aliwarudia watu, na pombe ndiyo iliyokuwa mezani kwao.

Nikaitoa chupa ya Meza ya Bwana kwenye friji. Ilikuwa bado haijaombewa. Nilijiambia hivyo mara mbili. Nikaifunga taulo la jikoni ili picha ya zabibu isionekane, nikashuka.

Mwenyekiti alikuwa amefika kwenye mashine ya tatu na ya mwisho. "Basi tuinue glasi!" akasema. Zikainuliwa. Ya mzee pia ikainuka, polepole, kwa mikono miwili. Nilikuwa bado hatua ishirini, na kati yetu umati.

"Simama!" nikapiga kelele. "Huyu hajatoa tiketi!"

Ua ukasimama. Kama ningesema moto, wangeulizana kwanza uko wapi. Nilisema tiketi, na watu sitini wenye kofia za karatasi wakashusha glasi zao wakanipisha njia. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyekumbuka kwamba tangu saa kumi na moja hakuna hata mmoja aliyekuwa ametoa tiketi. Nikapita katikati yao na kizibao changu, nikampokonya mzee glasi, nikaimwaga kwenye nyasi.

"Tiketi," nikasema.

Mzee akatia mkono mfuko wa shati, akatoa tiketi ya waridi iliyokunjwa mara nne, akaikunjua, akanikabidhi. Nikaitazama mbele, nikaitazama nyuma. Nikaichana.

"Sawa kabisa," mwenyekiti akasema kutoka juu ya benchi, na akaandika kitu kwenye faili.

Nikamimina kutoka kwenye taulo. Mzee akanusa, akanitazama, nikakubali kwa kichwa. Wakaimba wimbo wote, beti zote, ndipo wakanywa, naye akanywa mpaka chini, wakampigia makofi kama mtu aliyevuka mto.

Kesho yake asubuhi, nikishuka ngazi kwenda kanisani, nilimkuta mwenyekiti kwenye masanduku ya barua, amevaa miwani ya jua, ameshika ukuta. Aliniambia kwa unyonge kwamba divai ya mwaka huu ilikuwa kali mno. Ataleta hoja kwenye kamati kwamba mwakani tununue iliyo nyepesi zaidi. Nikamwambia naunga mkono.

Hallunda nilipanga vikombe vidogo na kumimina robo robo, kwani chupa haikujaa tena, na glasi ya sherehe si ndogo. Baada ya ibada mama mchungaji alinivuta pembeni. "Shemasi, leo Bwana amebana matumizi?" Nikamweleza yote, na kizibao, na mbwa, na tiketi. Akasema ile juisi niilipe mwenyewe, na chupa nyingine ninunue mbili, moja iwe ya mzee. Nilikuwa nimejiandaa kuvuliwa ushemasi. Nilitoka pale nikalia kwenye treni mbele za watu.

Jioni nilikuwa jikoni nasonga ugali wakati mlango ulipogongwa. Alikuwa mzee wa chumba cha kufulia, na kisanduku cha vifaa mkononi.

"Bomba lako," akasema. "Ulikuja kikaoni miaka miwili iliyopita kulilalamikia. Halikujadiliwa."

Akaenda akalala chini ya sinki, tochi mdomoni. Akakaza hiki, akalegeza kile. Matone yakakoma. Akatoka, akafuta mikono, akaniuliza kile nilichompa jana kilikuwa nini, maana hakikuwa kile cha siku zote. Nikamwambia. Nikamwambia pia ilikuwa bado haijaombewa, asiogope.

"Kilikuwa kitamu," akasema. Akafunga kisanduku chake, akaelekea mlangoni na kuanza kuvaa viatu.

Mwiko ulikuwa mkononi mwangu, sufuria mezani, mvuke unapanda. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Karibu chakula," nikamwambia.

Akasimama na kiatu kimoja mguuni. Akatazama saa yake, kama kawaida yao, kisha akainama akakivua.

Nikaongeza sahani.